Vidole vya Desemba

Sisi tuliokulia Shinyanga wakati wa foleni za sabuni, Krismasi yetu ilikuwa inaanza mwezi wa saba. Msicheke. Mwezi wa saba ndipo pamba ilipouzwa, na mama alijua kwamba hela ya pamba ina miguu: ikifika tu nyumbani, wajomba wanaugua, baiskeli inadai tairi, na baba anakumbuka marafiki. Ikifika Desemba, watu wako shambani wanapanda, mfukoni hamna hata ya kiberiti. Kwa hiyo kabla hela haijalala, mama alitupanga mstari, kaka yangu Masanja, mimi, na mdogo wetu Kabula, tukaenda mjini kushonewa nguo za Krismasi huku jua la kiangazi likituchoma utosini.

Fundi wetu alikuwa Mzee Shabani, Mwislamu wa Ujiji, aliyeweka cherehani yake barazani kwenye duka la Kanji. Kitambaa kilitoka kwa Kanji, kikatua mezani kwa Shabani, na mama akasimama katikati kama mlinzi wa jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba. Kazi ngumu ilikuwa kukisia. Nguo ilikatwa kiangazi kwa ajili ya mwili ambao ungefika na mvua, basi fundi alikupima, halafu akaongeza vidole. Vidole vya Desemba, ndivyo alivyoviita.

"Masanja tumpe vinne," alisema mwaka ule. "Huyu anakua kama mtama."

Kwangu alikuna kichwa. Mimi nilikuwa mtoto wa ndani. Wenzangu wakikimbiza mpira wa matambara, mimi nilikaa jikoni kwenye joto, natafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kuanikwa juani. Mama aliniita figa la nne.

"Mama Masanja, huyu hakui. Vidole vya mwaka jana bado vinaning'inia."

"Mpe kimoja. Kitambaa siku hizi utadhani kinachimbwa Geita."

"Kimoja tu? Mvua zikija je?"

"Kwani yeye mahindi? Kimoja."

Nguo zikafungiwa kwenye sanduku la bati pamoja na dawa ya nondo, na ufunguo ukaingia shingoni mwa mama. Kujaribu ilikuwa marufuku. "Nguo ikijaribiwa inazeeka," alisema, na hakuna aliyewahi kumbishia.

Mwaka huohuo nilipata cheo. Maishani mwangu nilikuwa sijachaguliwa kwa lolote isipokuwa kulinda nyumba, lakini katika igizo la Krismasi kanisani nikapewa kuwa mchungaji wa tatu. Nilikuwa na neno langu moja: "Tazameni kule!" huku nikiinua mikono yote miwili kuelekea nyota tuliyoibandika karatasi za kung'aa za pakiti za sigara. Mwalimu wetu alisisitiza mikono: "Juu, Maduhu! Mpaka kwapa lione mwanga!" Nilifanya mazoezi jikoni, nikiwaonyesha kuku nyota ya masizi darini. Hata usingizini nilikuwa natazamisha watu.

Mchana wa kuamkia Krismasi sanduku likafunguliwa. Masanja akaingia kwenye nguo zake kama kisu kwenye ala. Kabula naye, sawasawa. Shati langu likafika kifuani na kukataa. Vifungo viliyaona matundu kwa mbali tu. Ni kweli sikuwa nimerefuka, mzee wa watu hakukosea. Nilikuwa nimepanuka.

"Figa limevimba!" Masanja alicheka mpaka akakaa chini.

La mwaka jana lilikuwa limekwisha viwiko, na Kanji mwenyewe dukani mwake alikuwa amebakiwa na rafu na buibui. Nikaanza kulia. Mama alichukua shati kwa mkono mmoja na mimi kwa mkono mwingine, tukaenda kwa Mzee Shabani.

"Shikamoo, Mzee Shabani."

"Marahaba, Mama Masanja. Heri ya sikukuu."

"Heri gani? Mtazame huyu."

Akanitazama, akalitazama shati. "Kidole kimoja ulikitaja wewe. Mimi nilikuuliza."

"Basi niongezee kitambaa."

"Nitoe wapi? Mji mzima hauna."

"Vile vipande vyetu vinavyobaki kila mwaka, huwa vinakwenda wapi?"

Mzee Shabani akakohoa, akainuka taratibu. Kwenye kiti chake kulikuwa na mto. Nikaitambua bluu ya kaptula ya Masanja, mistari ya shati langu la zamani, na yale maua mekundu ya gauni la Kabula.

"Kumbe miaka yote umeikalia Krismasi yetu!"

"Nilikuwa nawatunzia, Mama Masanja."

"Haya, toa. Na hela ya kushona utakata kwenye kodi ya kukalia."

Aliufumua mto, pamba ikamwagika barazani, akapasua shati mbavuni na kuingiza vipande: bluu na mistari kushoto, maua kulia. Mikono ikiwa chini, hakuna aliyeweza kujua. Njiani mama alinishika bega. "Ng'wanawane, mwanangu, kesho ukiinua, inua kidogo tu."

Siku ya siku nilisimama pale mbele. Nikamwona mama, amekunja mikono, ananitikisia kichwa. Nikamwona mwalimu, anaonyesha dari kwa kidole. Nikasema "Tazameni kule!" na mikono ikapanda yenyewe mpaka mwisho, kama ilivyozoea.

Kanisa zima likatazama, ila si kule.

"Gauni langu hilo!" Kabula akapiga kelele kutoka benchi la mbele.

Watu walivunjika mbavu. Mchungaji wa pili akaegemea hori. Nilitaka kushusha mikono, nikamwangalia mama. Alikuwa amejifunika uso kwa khanga na mabega yanacheka. Halafu akapiga kigelegele. Basi nikaiacha mikono juu mpaka wimbo ukaisha.

Mwezi wa saba uliofuata mama aliacha kipande kwa fundi bila kuulizwa. "Hiki cha mto," alisema.

Siku hizi wajukuu zangu wananunua Krismasi kwa simu, tarehe ishirini na nne, bei ikiwa juu ya paa, na Januari wananipigia: "Shikamoo babu, ada..." Nguo zenyewe zinabana kwa makusudi. Nawaambia mimi nilivaa za kubana kabla hazijawa fasheni, wanadhani natania.

Mama hayupo, wala Mzee Shabani. Mimi bado nipo nyumbani, kama kawaida, lakini mwezi wa saba natoka. Mwaka huu nilikwenda kwa fundi mmoja hapa mtaani Kambarage, kijana mdogo tu, nikamwambia anipime suruali na akumbuke Desemba. Akanipima, akaitazama niliyovaa inavyoshikiliwa na mkanda, akauliza kwa adabu:

"Mzee, tuongeze au tupunguze?"

Nikamwambia apunguze kidole kimoja. Na kipande kitakachobaki akikalie, huwezi kujua.