Pazia la Idi Lililomsubiri Mama

Sisi tuliokulia Kariakoo wakati bado ina nyumba za vyumba sita, zenye ukumbi katikati na uani kwa nyuma, tulikuwa na namna yetu ya kujua kwamba Idi imekaribia. Hatukutazama kalenda. Tulitazama milango. Kumi la mwisho la Ramadhani likiingia, mapazia ya ukumbini yalishushwa yote yakafuliwe, na kwa siku chache ukipita unaona mpaka uvungu wa kila mtu, na masanduku ya mabati, na ndoo zilizotoboka ambazo mwenyewe hataki kuzitupa. Mama zetu walituonya tupite tukitazama mbele. Nani alitazama mbele?

Kwa wale ambao hawakuzikuta nyumba hizo, nieleze kidogo. Kila familia ilikuwa na chumba kimoja, wenye nafasi viwili, na milango yote ilielekeana ukumbini. Mchana mlango haufungwi. Kinachokuficha ni pazia tu. Kwa hiyo pazia ndilo lilikuwa uso wa familia. Siku za kawaida ungeweza kutundika lolote, hata khanga iliyochoka. Lakini pazia la Idi lilikuwa jambo jingine. Lilikuwa kitambaa cheupe, limedariziwa maua na mama mwenyewe wa chumba, na mwaka mzima lililala chini kabisa ya sanduku pamoja na vipande vya udi. Lilitundikwa mwezi ukishaandama, si kabla, na aliyelitundika ni mama wa chumba kwa mkono wake. Asubuhi ya Idi mlango ukiwa na pazia la zamani, watu walijua mle ndani kuna jambo: kuna mgonjwa, au kuna msiba, au mke ameondoka. Basi walipunguza sauti wakipita, na kabla ya adhuhuri mtu angepiga hodi na kuuliza.

Mama yetu alikuwa mfumaji. Jioni akishaosha vyombo alikaa kwenye kigoda uani, uzi mweupe umezunguka kidole, kijisindano chenye ncha iliyopinda kinaingia na kutoka, huku akiongea na watu wala haangalii mikono. Chumbani mwetu hapakuwa na kitu kisichovaa. Viti vilivaa, redio ilivaa, mtungi ulivaa, na kioo cha kabati la vyombo kilivaa pembeni. Baba alikuwa akisema anaogopa kukaa mahali pamoja muda mrefu, asije akafumiwa na yeye.

Vitambaa vyake vilisifika kwa sababu ya ukingo. Alifuma duara, halafu ukingoni akazidisha nyuzi makusudi, ukingo ukawa mrefu kuliko duara lenyewe, ukajikunja. Hapo ndipo wanga unapofanya kazi. Unakoroga unga wa muhogo kwa maji baridi mpaka mabonge yaishe, unamiminia maji yanayochemka huku unakoroga bila kupumzika, unachuja, unatia buluu ya kufulia kidogo sana. Unachovya kitambaa, unakikamua kwa viganja bila kukisokota, unakitandaza, kisha unauvuta ule ukingo kwa vidole usimame kama mawimbi, na katikati ya kila wimbi unasimamisha chupa ya soda. Jua likikausha unatoa chupa, na mawimbi yanabaki yamesimama yenyewe. Si kazi ngumu. Inataka subira tu, na mtu wa kukuonyesha mara ya kwanza.

Mwaka ninaoukumbuka mimi nilikuwa darasa la tatu, na dada yangu Mwajuma darasa la sita. Mama alikuwa mjamzito, na siku zake zilikuwa bado. Kumi la mwisho limeingia tu, mchana mmoja, Bi Tatu, bibi mwenye nyumba yetu, alimpakia Mama kwenye teksi akampeleka hospitali kubwa kule Upanga. Tulipotoka shule tulikuta kigoda uani, uzi juu yake, na kitambaa kimefumwa nusu.

Watoto wa wakati ule hatukuelezwa kitu. Tulijua kwa kusikiliza ukutani. Kwa njia hiyo tulijua kwamba mtoto amezaliwa, wa kiume, mdogo mno, na kwamba Mama ametokwa na damu nyingi. Wodini watoto hawakuruhusiwa. Baba alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la vitambaa, na mnajua Kariakoo kumi la mwisho fundi cherehani anavyokuwa. Kanzu za watu na magauni ya watoto vimemfunika mpaka kifuani. Lakini kila alasiri aliacha cherehani akaenda Upanga kwa miguu na chupa ya uji. Akirudi alisema neno moja, "Hajambo," akaingia kulala kidogo kabla ya futari. Mwajuma aligundua namna ya kujua zaidi. Aliipokea chupa mlangoni kwa adabu zote, akaipima kwa mkono. Ikiwa nyepesi, Mama amekunywa. Ikiwa nzito, alinitazama tu, nami nikajua hakunywa.

Siku moja ilipokuwa nyepesi, Baba akatangaza kwamba chumba kitapambwa kama kawaida. Mama yenu, alisema, akirudi asikute pamelala. Tulipaka ukuta chokaa. Tulifua maua ya plastiki kwa sabuni ya unga. Tulikata karatasi za rangi, tukazibandika kwa ugali kuwa minyororo, tukazivusha kutoka pembe hadi pembe. Halafu Baba akatoa vitambaa vya Mama sandukuni, akasema hapo sasa tumwachie fundi. Akavifua, akapika wanga mzito, akavichovya. Na kwa kuwa alikuwa fundi wa nguo tangu ujana wake, akafanya alichojua kufanya na kitu chochote kilichotiwa wanga. Akawasha pasi ya mkaa, akavipiga pasi. Mawimbi yote yakalala. Alivipanga juu ya mkeka uani, vimenyooka, vinang'aa, vigumu kama kola za kanzu, akasimama kuvitazama ameridhika.

Mama Shabani, jirani wa mlango wa mbele yetu, alitoka na beseni lake. Alisimama. Alivitazama muda mrefu.

"Baba Mwajuma, hizo chapati unauza au ni sadaka?"

"Cheka tu. Kanzu ya mumeo iko kwangu, nitaitia mikono mitatu."

"Itie hata minne, atabebea mizigo sokoni. Lakini mkeo akiviona hivi atarudi hospitali."

Alikuwa akitania, kama walivyozoea. Lakini Baba alichutama pale kwenye mkeka, akashika kitambaa kimoja, akajaribu kuuinua ule ukingo kwa kucha, nao ukakatika wanga na kulala tena. Nilimwona kidevu kinamtikisika. Sikuwahi kuona kitu cha namna hiyo kwa Baba, na niliogopa kuliko siku chupa ilipokuwa nzito. Mama Shabani aliweka beseni chini. Akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Lete hapa, shemeji. Uzi haujafa."

Vikalowekwa upya. Kila chumba kikatoa chupa za soda, na mimi na Mwajuma tulifundishwa siku ile kuvuta mawimbi, vidole vinanata, Mama Shabani akitusifu hata tulipokosea. Ilikuwa masika. Wingu likikusanyika tunaingiza vyote ukumbini, likiondoka tunavitoa, likirudi tunaviingiza tena. Mwishowe tukavikalisha kuzunguka jiko la mkaa kama wagonjwa wanaoota moto. Kimoja tu kiligoma. Pasi ilikuwa imekiunguza kidogo, tukakiweka juu ya redio kikiwa bapa vilevile.

Siku ya mfungo wa ishirini na tisa, siku ya kuangalia mwezi, chupa ilirudi nzito. Safari hii Baba alituambia kwa kinywa chake. Mtoto bado ananyonya kwa shida, wanataka wamwone kwanza akinyonya vizuri. Huenda kesho wakaruhusiwa, huenda bado. Chumba kilikuwa tayari, cheupe, minyororo inacheza kwa upepo, vitambaa vimesimama. Mlango tu ndio ulikuwa mtupu. Pazia la Idi lilikuwa juu ya kiti, limekunjwa.

Milango mingine mitano ilikuwa inasubiri redio. Bi Tatu alipita akikagua, akafika kwetu, akalichukua pazia. Alisema mwezi ukiandama atalitundika yeye, kwa sababu hawezi kuwa na mlango mmoja uchi siku ya Idi, watu wakasema nyumba ina nuksi. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa mtu mzima, na alimpenda Mama. Ndiye aliyempeleka hospitali. Lakini Mwajuma alikwenda akasimama mlangoni, akaishika miimo kwa mikono yote miwili. Mtoto aliyekuwa hawezi kumpita Bi Tatu bila shikamoo alimkazia macho, akasema, "Mama hajafa."

Mchi uani uliacha kutwanga. Nilidhani Baba atampiga. Baba alilichukua pazia mkononi mwa Bi Tatu kwa heshima, taratibu, kama mtu anayepokea mtoto.

"Mama, mwenye kulitundika yuko hospitali. Tutamsubiri."

"Na mwezi ukiandama, mwanangu?"

"Idi itatukuta hivihivi."

Baada ya futari watu wote tulikaa ukumbini kuzunguka redio ya Bi Tatu. Wenzangu wa rika langu mnakumbuka ule muda. Kaswida moja baada ya nyingine, mtangazaji anasema endeleeni kusubiri. Kila mtoto wa nyumba ile alikuwa anaomba mwezi uonekane, avae nguo mpya. Mimi na Mwajuma tulikuwa tumeshikana mikono chini ya khanga tukiomba usionekane. Niliona kama tunafanya dhambi. Nilimtazama Baba, naye midomo yake ilikuwa inacheza, nikajua tupo watatu.

Haukuonekana. Ukumbi mzima uliguna. Mama Shabani alikuwa ameshakata nyama ya pilau, akausema ule mwezi maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Chumbani kwetu Baba alikaa kitandani, akafunika uso kwa viganja, akavuta pumzi ndefu. Tumepewa siku moja.

Kesho yake Baba hakugusa cherehani. Alikwenda asubuhi, na adhuhuri ikapita, na alasiri ikapita, na sisi tumekaa kwenye ngazi za barazani, kila teksi ikipunguza mwendo tunasimama. Watu wakaanza kukaanga sambusa. Mwajuma aliacha kusimama. Ndipo ikaja moja, ikaegesha, Baba akatoka kwanza, halafu akamtoa Mama kama anatoa sahani za kioo. Kifuani alikuwa na pamba na kitenge, na ndani yake uso mdogo kama ngumi yangu. Bi Tatu alikataza vigelegele ili mtoto asishtuke. Wanawake walijipanga ukumbini kimya, wengine wakifuta macho kwa ncha za khanga.

Mama alikaa kwenye kiti chake. Alizungusha macho taratibu: ukuta, minyororo, viti, redio. Pale yakasimama.

"Nani kakipiga pasi hiki?"

Baba alikohoa. Mama alicheka huku ameshika tumbo, na machozi yakamtoka, akasema mume wangu umenigeuzia ua kuwa kola. Jioni ile, Idi ikiwa imeshajulikana, hakuweza kuinua mikono. Baba alipanda kwenye stuli, Mama akaishika kamba ya pazia akiwa amekaa, akampa, akasema, "Haya, nimetundika."

Hofu haikuisha siku hiyo. Kwa majuma tulilala tukisikiliza kama mdogo wetu anapumua. Alipumua, na sasa ana kitambi.

Siku hizi nyumba ile ni ghorofa la maduka. Ukishuka Mtaa wa Kongo Ramadhani utapata kila pambo la duniani, minyororo iliyokatwa tayari, mwezi na nyota vya plastiki, maua yasiyohitaji kufuliwa kwa sababu yatatupwa. Binti yangu anapamba sebule vizuri kuliko nilivyowahi kupamba mimi, nakiri. Ila wageni hawaruhusiwi kukalia mito mpaka ipigwe picha, na picha haipigwi mpaka jua lifike pembe anayoitaka. Nilipotoa kitambaa changu nilichofuma akaniambia, "Mama, hicho kitaharibu mandhari." Simlaumu. Mimi pia niliwahi kuonea aibu vikapu vya bibi yangu. Juzi nimemkuta anajaribu kushika uzi akidhani simwoni. Nimemwambia aanze na duara dogo, na asikate tamaa likimpinda, yote hupinda mwanzo.

Lakini Idi iliyopita ilinitia wasiwasi ambao haujanitoka. Ninaishi ghorofani, milango ni ya mbao na mbele yake geti la chuma. Mlango unaotazamana na wangu ulizungushiwa taa za kijani na dhahabu tangu Ramadhani ilipoingia. Kila magharibi zinawaka, zinakonyeza, nami nikisema moyoni hawa mwaka huu wamejiandaa. Idi Mosi ziliwaka, Idi Pili ziliwaka. Siku ya tatu mlinzi akanieleza, kwa kupitisha maneno tu, kwamba mama wa mle amelazwa tangu kumi la kwanza, na watu wake wanashinda huko huko. Nikamuuliza, sasa taa anawasha nani?

"Zinajiwasha zenyewe, mama. Wamezitegesha."

Nilipanda, nikatoka kwangu na sahani ya visheti. Nikabisha, nikabisha tena. Magharibi ikaingia, zile taa zikawaka mbele ya macho yangu kuzunguka mlango mzuri kuliko yote ya ghorofa lile, na mimi nimesimama nje na sahani yangu, nataka kumwita mama wa watu, jina lake silijui.