Buti za Baba

Jumapili iliyopita mjukuu wangu Ghati alikuwa anapiga viatu vyake dawa, maana kesho yake alikuwa anarudi shuleni Issenye. Mimi nilikuwa jikoni nachambua dagaa. Ile harufu ya dawa ya viatu ikaingia mlangoni bila hodi, nikaacha dagaa, nikakaa chini. Mtasema bibi amezeeka, harufu ya viatu inamliza. Sikulia. Nilicheka mpaka paka akatoka nje.

Halafu huyo binti, kwa upekuzi wake wa kutafuta brashi nzuri, akafungua sanduku langu la bati, akatoka na buti mbili nyeusi, ngumu kama gamba la kobe.

"Bibi, hizi buti za nani?"

Nilichomjibu nitawaambia, lakini kwanza mnisikilize. Mimi shule niliishia darasa la nne. Kupamba maneno sijui. Najua kusema kitu kilivyokuwa.

Mama yangu alikuwa mke wa askari wa jeshi. Nilipokuwa mdogo sana baba alimchukua wakaishi kambini miaka miwili, mimi wakaniacha kwa bibi. Huko kambini mama ndiko alikojifunza Kiswahili, na alijifunza kwa kuchungulia. Kila asubuhi alisimama kwenye uzio na nguo za kuanika mkononi, anawatazama askari wanapiga kwata. Kwa hiyo alirudi na Kiswahili cha ajabu. Kuomba chumvi kwa jirani kulimshinda, lakini "Nyuma geuka!" aliitoa mpaka kuku wanaacha kudonoa. Mimi niliamshwa kwa "Mguu sawa!" Hata ng'ombe walipigishwa kwata. Yule mwekundu aligeuka kweli akiambiwa ageuke. Yule wa madoa alikuwa mtoro, hakufaa jeshini.

Vita ya Uganda ilipokuja, familia zikarudishwa nyumbani. Baba akamleta mama kijijini kwetu Tarime, kwenye miteremko ya kushukia mto Mara, akiwa na mdogo wangu Marwa tumboni. Baba alikaa siku tatu tu. Siku ya kuondoka alivaa buti mpya, zile za zamani na suruali moja ya jeshi akaviacha. Akasimama mbele ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, akagonga ukuta kama mtu anayempiga ng'ombe wake mgongoni.

"Mama Robhi," akasema, Robhi ndiye mimi, "nikirudi nikute nyumba yangu."

"Utaikuta," mama akamjibu.

Basi. Mama akaenda kukamua.

Sasa ingekuwa kijiji cha kawaida, nyumba ingekimbilia wapi? Lakini kwetu dhahabu ilikuwa imeshatokea. Mtu mmoja aling'oa kisiki shambani kwake, akakuta jiwe linametameta, akanyamaza. Mke wake hakunyamaza. Kabla mahindi hayajakomaa watu walikuwa wamejaa kutoka kila upande, na sululu na makarai. Walikuwa wanasema dhahabu inalala ardhini kama mkanda, na mkanda ukipita chini ya choo chako, choo kinaondoka. Jirani yetu mmoja, mjane, alishuka mtoni kuteka maji. Aliporudi na ndoo kichwani alikuta jiko lake limedumbukia shimoni, na mwanaume amesimama humo ndani mpaka kiunoni anamwambia, "Mama, samahani, sufuria yako hii hapa."

Mambo yalikuwa hivyo. Penye mwanaume mkali hawakugusa. Penye mwanamke peke yake walipima kwa hatua.

Mama akalitazama lile jiko la jirani muda mrefu. Aliporudi nyumbani akatoa buti za baba mvunguni, akazipiga dawa mpaka ukiinama unaona meno yako, akazipanga mlangoni. Toka siku hiyo nyumba yetu ilikuwa na mwanaume. Siku moja buti ziko kushoto kwa mlango, kesho yake kulia, keshokutwa zina tope. Na ile suruali ya jeshi ilifuliwa na kuanikwa kila siku ya Mungu, hata siku ambazo mimi nilivaa nguo zenye ugali wa juzi. Kila Jumamosi mama aliniketisha karibu nishike kopo la dawa. Ilinunuliwa Tarime mjini, dukani Bomani, na mwenye duka, mzee mmoja wa Kiislamu mwenye utani mwingi, alimwuliza mama, "Mama Robhi, mumeo ana miguu mingapi?"

Na asubuhi, nilipotoka kukojoa, nilikuta nyayo za buti uani. Zimezunguka nyumba nzima, zimepita zizini, zimerudi mlangoni. Hapo nawaambia siri ambayo sikumwambia mtu. Mimi niliamini baba anakuja. Anakuja nikiwa nimelala, anakagua nyumba yake, anaondoka kabla sijaamka. Nilikuwa naweka mguu wangu ndani ya unyayo wake, unapotea kama punje kwenye karai. Nikawa namnunia mama. Kwa nini haniamshi? Nilimnunia miezi, yeye akadhani nina minyoo, akaninywesha dawa chungu ya mizizi. Minyoo sikuwa nayo, lakini kununa nilipunguza.

Sasa hapa lazima niwaeleze kitu, hasa ninyi mnaosoma mkiwa mbali. Kwetu, kwa Kikurya, baba mzazi tunamwita tata. Na mama tunamwita baba. Ndiyo, mmesoma vizuri, baba ni mama. Nyumbani nilikuwa naita "Baba, nina njaa!" na aliyeniletea uji alikuwa na matiti. Kiswahili changu mimi nilikiokota mashimoni, kwa wanawake waliouza maandazi. Nilijua kusema njoo, nipe, moto, mtoto ananyonya. Kwamba kwa Kiswahili baba ni mtu mwingine, hakuna aliyenifundisha.

Mama alinipa agizo kwa lugha yetu: "Wakikuuliza kama tata yupo, sema yupo, amelala." Nikalishika. Tatizo ni kwamba wachimbaji hawakujua neno tata.

Wakaja watu watano, saa nne asubuhi, jua limeshachoma. Mbele yao alikuwa mtu mrefu mwenye kofia ya sufu, tulimwita Sululu kwa sababu hata kwenda kunywa uji alikwenda na sululu begani. Alikuwa ameufuata mkanda wake toka kwa yule mjane, na mkanda, kwa hesabu ya kichwa chake, ulikuwa unapita katikati ya nyumba yetu. Wakasimama uani. Wakaziona buti. Wakaiona suruali inachuruzika maji kwenye kamba. Nikaona wawili wanarudi nyuma kidogo.

Sululu akaniinamia. "Mtoto, baba yupo?"

Nikafikiri, swali gani hili? "Yupo."

Wakatazamana. Mmoja akanong'ona, "Nilikwambia huyu askari amerudi, twende zetu."

Tungeishia hapo ningekuwa shujaa. Lakini Sululu alikuwa mbishi. "Yupo wapi?"

"Ndani."

"Anafanya nini?"

"Ananyonyesha mtoto."

Wakacheka, jamani. Mmoja alikaa chini kabisa, karai likamtoka likabingirika mpaka zizini. Mimi sikuelewa, nikaona labda hawajasikia vizuri, nikaongeza sauti: "Ananyonyesha Marwa! Akimaliza atapika!"

"Hebu mwite huyo baba tumwone," Sululu akasema, anafuta machozi.

Nikamwita. "Baba! Baba, unaitwa!"

Mama akatoka na Marwa kifuani, kanga moja mabegani. Alikuwa amesikia yote. Kicheko kilikatika, na hapo ndipo nilipoogopa, maana nilimwona Sululu anazitazama buti, anaitazama suruali, anamtazama mama, na uso wake unaanza kuelewa. Hakuna mwanaume hapa. Akashusha sululu begani, taratibu, kama mtu aliyefika kwake.

"Shemeji," akasema, "wewe ni mwanamke mwelevu. Tutachimba pembeni tu."

Mama alinipa Marwa. Akaingiza mguu wa kulia kwenye buti, akaingiza wa kushoto, bila haraka, bila hata kuinama kuangalia, kama mtu anayevaa kandambili zake. Akasogea hatua tatu uani. Akavuta pumzi.

"Mguuu... SAWA!"

Nawaambieni, Sululu alisimama kama mlingoti! Visigino pa! Mikono ubavuni, kidevu juu, sululu imedondoka kwenye kidole chake mwenyewe na hakuthubutu kupiga kelele. Kumbe alishapitia mgambo. Mwili ulitii kabla kichwa hakijaulizwa. Wenzake wakamtazama yeye, wakamtazama mama.

"Nyuma... GEUKA!"

Akageuka. Na vizuri pia, kuliko ng'ombe mwekundu.

"Mbele... TEMBEA!"

Alitembea mpaka njiani, anachechemea, wenzake nyuma wanakufa kwa kicheko. Akili zilimrudi akiwa kwenye mti wa mwisho wa mpaka wetu. Akageuka mwenyewe, bila kuamriwa.

"We mama! Wewe ni nani hapa?"

"Si umeambiwa na mtoto?" mama akamjibu. "Mimi ndiye baba."

Angerudi kwa nguvu angetushinda, walikuwa watano. Lakini mwanaume aliyepigishwa kwata na mwanamke mbele ya wenzake anarudije? Mpaka jioni habari ilikuwa imefika kila shimo. Toka hapo mama aliitwa Afande, na wale wachimbaji wakaufuata mkanda wao huku na huku, wakazunguka nyumba yetu kama maji yanavyozunguka jiwe. Walipopita walisema "Shikamoo, afande," na Sululu alikuwa wa kwanza.

Baba alirudi mvua za vuli zikinyesha, amekonda, ana kovu sikioni. Alisimama njiani akatazama mashimo kila upande na nyumba yake katikati, imesimama. Alikaa kizingitini, akavua buti zake zilizokwisha vitani, akataka kuvaa za zamani. Mguu ukagoma. Akaingiza mkono, akatoa tambara, akatoa tambara jingine, mpaka akawa na rundo. Akazigeuza. Soli zilikuwa zimelika upande wa ndani, na baba yeye alikuwa anatembelea upande wa nje.

"Nani kavaa buti zangu?"

"Askari wa zamu," mama akasema, anakoroga uji.

Baba akacheka, halafu akazitazama tena zile soli, akaacha kucheka. Akazirudisha mlangoni, na hakuzivaa tena maisha yake yote.

Mimi nilikuwa nimesimama pale nikalisikia lile neno la zamu, nikalipita. Nilikuja kulielewa nikiwa na watoto wangu wanne, siku nafagia uani kwangu alfajiri na mume wangu yuko safarini, nikaona nyayo zangu mwenyewe mchangani. Ufagio ukanitoka mkononi. Kumbe alikuwa mama. Kila alfajiri, tumbo kubwa kwanza, halafu mtoto mgongoni, anaburuza zile buti zilizojaa matambara kuzunguka nyumba ya mume wake, kisha anarudi kuniamsha mimi niliyemnunia. Nilikuwa naweka mguu wangu ndani ya unyayo wa mama yangu, namtafuta mtu mwingine.

Basi Ghati alikuwa bado amesimama mlangoni, buti mkononi, anasubiri. Yeye Kikurya chake ni cha salamu tu, amekulia Mugumu mjini kwenye Kiswahili.

"Bibi, nimekuuliza, hizi za nani?"

"Za baba," nikamwambia.

Akatikisa kichwa kwa heshima, akamwonea fahari yule babu askari ambaye hakumwona. Sikumsahihisha. Nikampa brashi, nikamwambia azipige dawa vizuri, na akimaliza aziweke mlangoni.