Ng'ombe wa Nyamizi na vigae vya Nkololo

Saa moja na nusu asubuhi, Nyamizi Ndalahwa anatwanga mguu wa ng'ombe kwenye kinu.

Msomaji asishtuke. Mguu wenyewe ni wa udongo, na ng'ombe aliyekuwa nao alipasuka motoni mwezi uliopita, hapa hapa uani kwake Nkololo, wilayani Bariadi. Nyamizi anautwanga mpaka unakuwa chenga kama za mchele. Anachekecha, vumbi analimwaga, chenga anazibakiza kwenye beseni.

"Watu wananiuliza, mama, mbona unavunja kazi yako mwenyewe?" anasema bila kuweka mchi chini. "Mimi siivunji. Nairudisha kazini."

Ana miaka 57, na ufinyanzi aliuanza akiwa na miaka kumi na mmoja, miguuni pa mama yake, marehemu Minza. Hutengeneza mitungi ya maji na vyungu vya kupikia. Miaka ya karibuni, baada ya sufuria kuvifukuza vyungu jikoni, ameongeza vyungu vya maua kwa watu wa Bariadi mjini na sanamu za kuku, chui na akina mama. Wiki nzuri humwingizia kama shilingi 45,000. Wiki mbaya hurudi kutoka sokoni na mzigo wote, shingo imeuma bure.

Udongo wake ni ule mweusi wa ukingo wa lambo. Wateja wengi hudhani kazi zake ni nyeusi kwa sababu udongo ni mweusi, naye huwacheka. Udongo huo ukichomwa kwenye moto wa wazi hutoka na rangi ya kahawia iliyopauka. Weusi huletwa na moshi. Kazi ikiwa bado nyekundu kwa joto, huifunika kwa samadi kavu na pumba za mpunga, ikae humo ikivuta moshi mpaka asubuhi.

Lakini ng'ombe huyu hauzwi. "Huyu ni wa mzee," anasema, akionyesha kwa kidevu.

Mzee ni mume wake, Masalu, mwenye miaka 68, aliyekaa kwenye kiti ukutani akisikiliza kinu. Mwaka 2018 Nyamizi alipatikana na uvimbe tumboni, akatakiwa kwenda Mwanza kupasuliwa. Ukame wa miaka ya nyuma ulikuwa umelimaliza zizi lao, amebaki ng'ombe mmoja tu, jike waliyemwita Kapembe kwa sababu pembe yake ya kushoto ilining'inia hadi shavuni. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Masalu alimuuza.

"Mwanaume wa hapa kuuza ng'ombe wa mwisho ni kama kung'oa mlango wa nyumba yake," anasema Nyamizi. "Watu walimcheka. Aliniambia, ng'ombe ananunuliwa, wewe nitakununua wapi?"

Upasuaji ulifanikiwa. Ng'ombe mwingine hakununuliwa, maana miaka miwili baadaye presha ya macho ilimpofusha Masalu, na madaktari walimweleza wazi kwamba hataona tena. Aliyapokea hayo kwa utulivu unaomtia mtu aibu ya kulalamikia mambo yake madogo. Jambo moja tu humrudia.

"Sijutii kumuuza," anasema. "Najutia kwamba sikumwangalia. Nilimpa mnunuzi kamba, nikageukia pembeni."

Ndipo Nyamizi alipoamua kumrudisha Kapembe kwa udongo, ili mikono ya mumewe imwangalie badala ya macho. Alipania kumfanya mzuri kupita kazi zote alizowahi kufanya, na hapo ndipo alipokosea.

Aliuchuja udongo mara tatu kwa kipande cha chandarua. Akatoa kila punje, kila chenga, ukabaki laini kama siagi. Alitaka ngozi ya kuteleza, ngozi ya ng'ombe aliyenona. Jirani yake, Nyanjige, ambaye naye amefinyanga siku nyingi, alimwonya. Nyamizi alimjibu kwamba anajua anachofanya.

Mtu wa Simiyu hahitaji kuelezwa tabia ya udongo mweusi. Mvua ikinyesha huvimba, hung'ang'ania mabuti na kukwamisha mikokoteni. Kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mguu wa ndama. Tabia hiyo haiishii shambani, huingia nayo hadi ndani ya chungu. Kinachoituliza ni chenga za vyungu vya zamani, zinazoachia njia mvuke utoke na kuushikilia udongo usijinyonge wenyewe.

"Mchanga wa mtoni unasaidia kwa vyungu vidogo," Nyamizi anafafanua. "Kwa kazi kubwa hapana. Kigae kimeshaonja moto, hakiuogopi. Kinaushika mkono udongo mbichi."

Ng'ombe wa kwanza alipasuka kabla hata samadi haijawekwa. Masalu aliusikia mlio akiwa kwenye kiti chake. Aliuliza kama ni ng'ombe aliyepasuka, mkewe akasema ndiyo.

Kuanza upya kulihitaji madebe mawili ya chenga, naye hakuwa nazo. Zamani zingekuwepo. Minza alikuwa na desturi moja isiyo na msamaha: chungu chake kikivunjika, mwenye nacho anamrudishia vigae kwanza, ndipo aagize kingine. Rundo la vigae nyuma ya nyumba yake lilifika kiunoni. Mama alipofariki, Nyamizi aliiacha desturi hiyo. Mvua za mwaka juzi zilipoleta tope mlangoni, alilibeba rundo lote akalifukia humo.

"Niliona takataka," anasema, na mchi unasimama kwa mara ya kwanza. "Kumbe nafukia dawa. Sasa zimesagika na tope, hazifai tena."

Alibaki na vipande vya ng'ombe aliyepasuka, visivyofika hata nusu debe. Nyanjige, ambaye angeweza kabisa kusema nilikuambia, hakusema. Badala yake jana alisimama kwenye mkutano wa jumuiya yao na kueleza shida ya mwenzake.

Leo hii, kabla kinu hakijapata joto, sauti inasikika mlangoni. "Mwangaluka, mayu," yaani habari za asubuhi, mama. Anaingia Elizabeth, mkulima wa pamba, na vigae ndani ya kanga. Ni vya chungu kilichopikiwa siku ya harusi yake, anasema, na amevihifadhi miaka yote bila kujua anavihifadhia nini. Baada yake anakuja mjane na mtungi uliovunjika siku ya msiba wa mumewe. Wengine hawana hadithi, wana vigae tu. Kila mmoja anapokewa kwa neno lile lile, wabeja, asante ya Kisukuma, na kila mara Nyamizi hulitamka kama ndiyo mara ya kwanza.

Saa nne anafika mama mmoja aliyepanda basi kutoka Nyalikungu, Maswa, baada ya kupigiwa simu na dada yake. Anafungua mfuko. Nyamizi anachukua kipande cha ukingo, anakigeuza, kisha anaweka kidole gumba chake kwenye kishimo kilichobonyezwa hapo. Kinaingia sawasawa. Ni alama ya Minza, aliyeibonyeza kwenye kila chungu chake.

Analia hapo hapo, hajifichi. Kigae hicho hakitwangi. Anakiweka dirishani.

Wiki tano baadaye tunarudi Nkololo. Kapembe amesimama uani, amefika juu kidogo ya goti, amejengwa kwa mkono, pingili ya udongo juu ya pingili, tumbo limeachwa tupu na tundu dogo chini la kupumulia. Amekauka kivulini chini ya gunia. Mchana kutwa anapashwa joto kwa miti ya pamba, polepole, kisha anawashiwa moto kamili, kisha samadi na pumba. Nyamizi hali chakula siku hiyo, na wala hataki kuulizwa swali.

Asubuhi jivu linafukuliwa kwa mti. Unatokea mgongo, nundu, kisha kichwa. Ni mweusi kama chungu cha jikoni, na mzima, isipokuwa sikio moja lililomeguka ncha. Ila si laini. Chenga zimejaa ngozi nzima.

Masalu anashikwa mkono hadi uani, anapiga magoti. Kiganja chake kinapita mgongoni, kinazunguka nundu, kinashuka shingoni. Nyamizi anaanza kumwomba radhi kwamba ngozi inakwaruza, kwamba bila chenga asingepona.

"Nyamaza," anasema mzee kwa upole. "Huyu ametoka malishoni. Ana vumbi."

Mkono unahamia kushoto, unaikuta pembe iliyolala shavuni, unaishika na kukaa nayo. Nyanjige anajifuta kwa ncha ya kanga. Mwandishi wa simulizi hii naye anaona kitu cha kuangalia pembeni.

Nyamizi anasema ameirudisha desturi ya mama yake. Anayetaka chungu kipya aje na vigae, na nyuma ya nyumba rundo limeanza tena, halijafika hata magotini. Na amebakiza udongo wa kutosha kazi moja zaidi: ndama ambaye Kapembe aliondoka naye tumboni, ambaye hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona.

Anamuuliza mumewe amfanye wa namna gani. Masalu hajaiachia pembe.

"Jike," anasema. "Zizi huanza na jike."