Jemadari Mwenye Upanga Uliofungwa Uzi

Baba alinielekeza hivi: "Ghorofa ya tatu, ukimaliza ngazi pinda kushoto. Utaona sanamu ya mzee mwenye uso mwekundu na ndevu ndefu, kashika upanga wa mpini mrefu. Hapo hapo."

Kwa miaka kumi na tano alikuwa akienda Guangzhou, China, kununua nguo bila kukariri namba ya duka hata moja. Nilimaliza ngazi za jumba lile la mtaa wa Guangyuan Xilu, nikawapisha wabeba mizigo na matoroli yao, nikapinda kushoto, nikamwona mzee mwenye uso mwekundu. Duka la pili, yupo. La tatu, yupo, mdogo kidogo, kawekewa machungwa. Katika korido nzima sikuona maduka zaidi ya matatu yasiyo naye, na moja kati ya hayo lilikuwa limefungwa.

Nikampigia simu.

"Baba, huyu mzee wako yuko kila duka."

"Haiwezekani."

"Ananitazama sasa hivi kutoka pande nne."

Akacheka kama mtu aliyekamatwa. "Basi tafuta mwenye upanga uliovunjika. Umefungwa uzi mwekundu. Nilimgonga mimi na robota la nguo, safari yangu ya kwanza."

Nikaanza kupita duka hadi duka nikikagua panga, na kadiri nilivyokaribia ndivyo nilivyotamani nisiuone ule wenye uzi. Mwenye duka alikuwa akinijua kwa miaka miwili, lakini hakujua kuwa ni mimi.

Miaka hiyo miwili nyuma, macho ya baba yalianza kufifia. Daktari alisema ni presha ya macho, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nimesoma lugha, Kichina kikiwamo, na sina kazi. Baba akanikabidhi simu yake. "Wewe andika," alisema, "lakini andika kama mimi. Yule mama ananijua mimi. Akijua anaongea na mtoto wa juzi, atatuletea vitambaa vya kufua mara moja."

Nikawa baba. Mwenye duka alimwita Kaka Mkubwa, nami nikaitika Kaka Mkubwa, nikaulizia goti lake linalomsumbua, nikaagiza madera ya duka letu la Kariakoo. Baada ya mwezi mmoja wa kuwa baba, nikaomba kitu ambacho baba hajawahi kukiomba: mfuko. Mfuko wa ubavuni, uliofichwa kwenye mshono, wenye kina cha kutosha simu na funguo. Nilikuwa nimechoka kuwaona wanawake wa mtaa wetu wakishika simu mkononi kutwa nzima kana kwamba dera ni adhabu. Madera yale yalitoka mbio. Wateja waliyajaribu dukani, wakatumbukiza mikono, wakacheka peke yao mbele ya kioo. Majirani wakaanza kuuliza tunayatoa wapi. Ndipo yule mama akaahidi, mbele ya sanamu yake, na picha akatuma, kwamba mshono ule hatamshonea mnunuzi mwingine.

Ahadi ile ilitolewa kwa mtu ambaye hakuwa akiandika. Sasa kulikuwa na kitambaa kipya kinachotaka kushikwa kwa mkono na kutazamwa kwenye mwanga, na baba asingeweza. Nimekuja mimi. Kama yule mama angejiona amedanganywa, angempa tu huo mshono mteja mwenye duka jirani na letu, na mwezi usingeisha kabla Kariakoo nzima haijawa na mifuko. Sisi tungebaki na nini? Mzee asiyeona rangi na binti mwenye cheti.

Upanga wenye uzi niliukuta karibu na mwisho wa korido. Chini yake alikaa mwanamke mfupi wa umri wa mama yangu, tepu ya kupimia shingoni. Nikasema kwa Kichina kwamba mimi ni binti wa Kaka Mkubwa. Akanitazama kuanzia viatu hadi kilemba, akasogeza kiti, akamimina chai.

Huwa nikiogopa nauliza maswali. Nikamwelekezea kidole yule mzee mwenye uso mwekundu, jemadari wa kale, kisha nikakirudisha haraka, maana baba alinionya: hatumwabudu, lakini hatumkosei adabu mgeni wala mwenyeji. "Shangazi, huyu nimesoma habari zake. Aliwahi kuwa mtu kweli, akashindwa vita, akakatwa kichwa. Sasa mtu aliyeshindwa analindaje duka?"

"Hujambo kwanza?" akasema, na mimi nikaona haya. Kisha akajibu. "Maadui walimteka, wakamtunza, wakampa dhahabu. Akaiacha yote ndani ya nyumba, imefungwa vilevile, akamfuata aliyeapiana naye undugu. Kushinda, yeyote anaweza kushinda siku moja. Huyu hakugeuka."

Maneno yale yalinikaa vibaya. Nilikuwa nimekaa chini ya mtu asiyegeuka, nami nimevaa jina la mtu mwingine.

"Na wewe umekuja badala ya baba," akaendelea, akikunja kipande cha kitambaa bila kunitazama. "Unaijua hadithi ya binti aliyekwenda vitani badala ya baba yake?"

Naijua? Mwaka wa kwanza wa Kichina niligombana na mwalimu kwa ajili yake. Binti anavaa nguo za kiume, anachukua nafasi ya baba mgonjwa, anapigana miaka kumi na miwili, na wenzake hawatambui kuwa ni mwanamke mpaka vita viishe. Niliuliza alioga wapi. Niliuliza alifanyaje kila mwezi. Mwalimu alisema hii ni hadithi ya kale, kaa chini. Nilikaa, lakini sikuridhika. Hata kaburi lake linadaiwa na miji kadhaa, na hakuna mji wenye ushahidi.

Nikamwambia yote haya. Akacheka hadi akashika goti.

"Mbishi we! Bibi yangu alisema walijua."

"Nani?"

"Wote waliokaa naye. Mtu alale pembeni yako miaka kumi na miwili usijue? Wewe umesoma, hebu fikiri. Walijua, wakanyamaza."

"Kwa nini wanyamaze?"

"Alikuwa anapigana vizuri."

Nikaweka kikombe chini. Ningeweza kuzungumzia kitambaa, nikapanda ndege na siri yangu. Lakini nimeishi kwa kuwadai watu ushahidi, mwalimu, shehe wa mtaani, mama yangu mzazi; siku hiyo deni la ukweli lilikuwa langu.

"Shangazi, baba hajakuandikia miaka miwili. Haoni. Aliyekuwa akiandika ni mimi."

Alichukua simu yake, akafungua mazungumzo yetu, akaigeuza nisome jina alilolihifadhi juu. Halikuwa Kaka Mkubwa. Lilikuwa Binti wa Kaka Mkubwa.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu mfuko. Miaka thelathini nashona nguo za wanawake, na wanunuzi wangu wengi ni wanaume. Wananiuliza rangi, wananiuliza kilo. Hakuna mwanamume hata mmoja aliyewahi kuniomba mfuko." Akanywa chai. "Halafu baba yako, tangu lini anajua kuandika Kichina kizuri hivyo?"

Nikamuuliza kuhusu ahadi. Ilibidi niulize. Akamwangalia jemadari wake, akaniangalia mimi. "Niliahidi kumshonea aliyeuomba mshono. Nani aliuomba?"

Nilimpigia baba palepale.

"Amejua," nikasema.

"Amejua nini?"

"Kwamba mimi ndiye nilikuwa wewe."

Nikasikia feni la dukani kwetu likizunguka. "Kakasirika?"

"Anasema napigana vizuri."

Baba akakohoa kikohozi chake cha kuficha furaha. "Basi nirudishie jina langu, mama. Lako linatosha."

Bado sina ushahidi kwamba yule binti aliishi. Ila swali langu la mwaka wa kwanza limepata jibu, na nimelipata kwa kufanyiwa vilevile: nilijulikana, nikanyamaziwa.

Kabla hatujaanza kazi niliona uzi wa upanga umechakaa, nyuzi zimening'inia. Nikaomba uzi mpya. Nilijiambia natengeneza kilichovunjwa na ukoo wetu, basi, na nikafunga fundo la fundi, lile lisilofunguka. Yule mama akalivuta kwa ukucha kulijaribu, akatikisa kichwa kukubali.

Kisha akashusha majora ya kitambaa mezani, nami nikaomba mfuko wa pili, upande wa kushoto.

"Meiyou!" akapaza sauti, neno la soko zima la kusema hakuna, haiwezekani, usiniudhi.

Tulibishana mpaka saa saba mchana. Madera ya mwaka huu yana mifuko miwili.