Nimejipima mapigo ya moyo kila asubuhi kwa miaka minne, halafu kisusio kikakaribia kuniponza

Wakuu, salaam kutoka Moshi.

Wanaonifahamu humu wananijua kwa nyuzi za cold room kule jukwaa la ufundi. Leo nimehamia huku kwenye afya. Ninayoandika yamenikuta mimi mwenyewe, na daftari lenye tarehe na namba zote lipo mezani hapa, kwa hiyo anayetaka kubisha atabishana na daftari.

Mnijue kwanza kidogo, maana bila hivyo hamtaelewa nilivyojichanganya.

Mimi ni mtoto wa Machame, wa mwisho kwetu. Nina diploma ya refrigeration. Diploma tu, na sioni aibu. Kwa diploma hiyo nilikwenda Uarabuni kama fundi msaidizi, kazi yangu kubeba mitungi ya gesi kupandisha ghorofani juani. Niliondoka huko miaka tisa baadaye nikiwa supervisor wa zamu, chini yangu watu kumi na wanne, na baadhi yao wana digrii. Hakuna mjomba aliyenishika mkono.

Nikarudi, nikajenga kwenye kihamba cha mzee, yaani shamba la familia, nikafungua karakana mjini. Kama umewahi kununua nyama ya baridi Moshi mjini, kuna uwezekano mkubwa friji iliyoihifadhi nimeigusa.

Sasa kule kazini Uarabuni tulikuwa na log sheet. Kila saa moja unazunguka kwenye mashine, unaandika presha ya gesi, umeme unaovutwa na kompresa, joto la chumba. Vijana wengi waliona ni usumbufu, wanaandika namba za kubuni wakiwa kivulini. Mimi niliziandika kweli, na ndicho kilichonipandisha cheo. Mashine kubwa haiharibiki siku moja. Inakuwa imeshakuambia wiki tatu kabla, ila kwa namba ndogo ndogo ambazo hakuna aliyezisoma.

Mzee wetu alifariki nikiwa huko. Tumbo. Alikuwa mtu wa shamba, hajawahi kulazwa maisha yake yote. Siku alipokubali kupelekwa hospitali, uvimbe wa kwenye utumbo ulikuwa umeshasambaa. Akaishi wiki chache.

Aliyemuuguza ni kaka yangu mkubwa, Anaeli. Mimi nilizika kwa simu, shemeji, mke wa Anaeli, ameshika kamera pale kaburini na mtandao unakatika.

Niliporudi nikajisemea, kama naweza kufuatilia kompresa kwa log sheet, nitashindwaje kufuatilia mwili wangu?

Nikanunua daftari gumu. Kila asubuhi kabla sijatoka kitandani nahesabu mapigo ya moyo dakika nzima. Saa ya mkononi ninayo ya kuhesabu yenyewe, lakini nahesabu na vidole pia, siamini kifaa kimoja. Jumamosi uzito na presha. Safu ya mwisho ni maelezo: nimelala vipi, nimekula nini, nimefanya kazi gani.

Nyumbani walinicheka. Mama alisema najiletea uchuro, kujipima kila siku kama mgonjwa. Anaeli akanipa jina, Injinia wa Kujipima, na likashika hadi kanisani. Sikujali.

Baada ya mwaka nilikuwa naujua mwili wangu kama ninavyojua mashine niliyoifunga mwenyewe. Mapigo 58 hadi 60. Nikiwa na mafua 66. Nikilala karakana mjini yanashuka kidogo, nikipanda Machame yanapanda kidogo kwa sababu ya mwinuko. Hilo niligundua mwenyewe kabla sijasoma popote.

Mwaka jana, mwezi wa nane, yakawa 63. Nikaandika "uchovu".

Mwezi wa kumi yakawa 67. Nikaandika "kazi nyingi", na kweli nilikuwa na kazi ya friji za machinjio.

Uzito ukashuka kilo mbili. Hapo nilifurahi, nikajisifu kwa mke wangu kwamba kitambi kinaondoka.

Mwezi wa kumi na moja, 70. Na nikibeba mzigo wa majani ya ng'ombe kutoka barabarani hadi nyumbani, napumzika mara mbili njiani. Njia hiyo naipita tangu nikiwa mtoto, sijawahi kupumzika.

Nikapima wingi wa damu maabara mjini. 10.4. Kwa mwanaume mzima hiyo ni ndogo. Mtu wa maabara akaniambia nimwone daktari.

Wakuu, ilikuwa Desemba.

Wasioijua Desemba ya Uchagani niwaambie. Ukoo wote unapanda, kutoka Dar, Mwanza, kila mahali. Kila nyumba inachinja. Nikamwambia mama damu yangu imepungua, na kufikia jioni ukoo mzima ulikuwa unajua. Jibu lao lilikuwa moja: kisusio. Yaani supu ya mbuzi inayopikwa pamoja na damu yake. Anaeli ndiye fundi wa kisusio pale kwetu, hakuna mwingine anayeruhusiwa kushika sufuria. Akawa ananiwekea bakuli langu la kwanza, kubwa kuliko la wazee, anasema bwana mdogo lazima ajazwe.

Nikanywa karibu kila siku kwa wiki tatu. Juu yake nikajinunulia vidonge vya kuongeza damu. Daktari sikwenda.

Choo changu kikawa cheusi. Sikushtuka. Ukinywa kisusio choo kinakuwa cheusi, kila mtu wa kwetu anajua, na vidonge vile navyo vinafanya hivyo hivyo. Kwenye maelezo nikaandika "kisusio".

Lakini nikirudi nyuma kwenye daftari, kuna mstari wa mwezi wa kumi umeandikwa "choo cheusi, sijui nimekula nini". Mwezi wa kumi hakuna mbuzi aliyechinjwa kwetu. Niliandika kwa mkono wangu na sikuwahi kuusoma tena.

Januari nikapima, 11.2. Nikaitangazia familia kwenye grupu la WhatsApp kwamba Injinia amejitibu bila daktari. Anaeli akajibu kwa picha ya sufuria.

Februari, wageni wameondoka, mapigo 72.

Mke wangu ana duka kwenye soko la Kwa Sadala, si mtu wa kusoma daftari langu. Ila asubuhi hiyo alinikuta nimekaa ukingoni mwa kitanda nahesabu mara ya tatu, nikidhani nimekosea. Akaniuliza kuna nini. Nikamweleza: damu imepanda, ila moyo bado unakimbia, labda niongeze vidonge.

Akaniangalia. Akasema, "Baba Neema, yule fundi uliyemfukuza mwaka juzi ulimfukuzia nini?"

Nilijua jibu kabla hajamaliza. Kuna mteja friji yake ilikuwa haipoi vizuri. Fundi wangu akaenda akajaza gesi, friji ikapoa. Baada ya mwezi haipoi, akajaza tena. Mara ya tatu nikamfukuza. Gesi haiishi kama petroli. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na anayejaza bila kutafuta panapovuja si fundi. Na dalili yake ni kwamba kompresa inazunguka muda mrefu zaidi ili chumba kibaki na baridi ile ile.

Moyo wangu ulikuwa unazunguka muda mrefu zaidi. Na mimi mwenye diploma nilikuwa najaza gesi.

Wiki hiyo hiyo nikaenda hospitali kubwa, nimechora grafu ya miezi saba na kunakili maelezo chini yake. Daktari ni dada mdogo kiumri, nadhani ningeweza kumzaa. Nilianza kumweleza historia yangu ya kazi, akanisikiliza kwa heshima, kisha akaivuta ile karatasi kwake na kuinamia. Alipofika kwenye maelezo akaniuliza mzee wangu alifariki kwa nini. Nikamwambia. Akaacha kuandika.

Wakapima choo, wakakuta damu. Lakini akasema kipimo hicho hawezi kukiamini, kwa sababu kinaweza kuwa kinaona damu ya mbuzi. Akaniambia, "Wiki mbili, baba. Usiguse kisusio, nyama nyekundu wala vile vidonge. Ukirudi na bado ipo, tutajua ni yako."

Ndani ya wiki hizo mbili Anaeli alikuwa anabatizisha mjukuu wake wa kwanza.

Hapa nieleze vizuri. Kwetu ukikataa bakuli ambalo kaka yako mkubwa amelipika kwa mkono wake na kukukabidhi mbele ya wazee, hujakataa chakula. Umemkataa yeye. Nilifikiria kutokwenda, ila hiyo ingekuwa mbaya zaidi.

Wanaume tumekaa migombani, sufuria imeiva. Anaeli akaja na bakuli langu.

"Shika, bwana mdogo. Hii ndiyo iliyokuinua Desemba."

Nikamwambia leo sinywi, kaka, daktari amenizuia.

"Daktari wa wapi huyo asiyemjua mbuzi?"

Watu wakacheka. Mzee mmoja wa ukoo akasema huyu amerudi na dini ya huko Uarabuni, mwacheni. Wakacheka zaidi. Anaeli hakucheka. Akaliweka bakuli chini kwenye jani la mgomba mbele ya miguu yangu na kuondoka. Lilikaa pale hadi likaganda juu. Hakunisemesha tena siku hiyo, na alipokuwa anaaga wageni alinipita.

Nilirudi hospitali siku ya kumi na tano. Damu ilikuwepo.

Ilikuwa yangu.

Sitawachosha na habari za kipimo chenyewe. Unakunywa dawa ya kusafisha tumbo siku nzima, hutoki nyumbani, na mke wangu alipata muda mzuri wa kunicheka. Kesho yake wanaingiza kamera. Wakakuta uvimbe mmoja mdogo kwenye utumbo mpana, wakauondoa hapo hapo.

Majibu ya maabara yalichukua muda. Siku hizo mapigo yangu yalikuwa 74, na hapo sikuhitaji kuandika sababu.

Yule dada daktari alinieleza kwa utulivu. Seli zilikuwa zimeanza kubadilika, ila hazijatoka nje ya uvimbe. Ungekaa mwaka au miwili tungezungumza lugha nyingine. Narudi kwa kipimo kwa ratiba, basi. Nilitaka aseme kwamba daftari langu ndilo lililoniokoa. Akasema daftari lilisema mwezi wa nane, mimi nikaja mwezi wa pili.

Kisha akasema ndugu zangu wa tumbo moja nao wapimwe, kwa sababu ya mzee na sasa mimi.

Dada yetu wa katikati yuko Dodoma, alikubali kwa simu na ameshapima, yuko salama. Akabaki Anaeli.

Nikanunua daftari jipya, nikapanda kwake. Nilimkuta anakatia ng'ombe majani. Nikamwamkia, nikamwambia yote. Nikamwambia ule weusi uliofanana na kisusio haukuwa kisusio, na kwamba mzee labda naye aliuona akadhani hivyo hivyo. Aliendelea kukata majani hadi nilipomaliza.

"Wewe ulimzika kwa simu," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa namgeuza kitandani. Usiniletee daftari."

Miaka yote nilidhani anacheka kujipima kwangu kwa sababu hajasoma. Kumbe anajua mwisho wa ugonjwa ule kuliko mimi, na hakutaka kuukuta kwake. Nikaliacha daftari kwenye ukingo wa hori la ng'ombe, nikashuka.

Wiki tano kimya. Jumapili kanisani anakaa upande mwingine.

Juzi asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, simu ikaita. Anaeli. Hakusalimia.

"Sitini na nne."

Nikasema, "Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Sitini na nne ni mbaya?"

Nikamwambia si mbaya, ila namba nzuri haimwondolei mtu haja ya kipimo cha kamera. Mimi mwenyewe uvimbe ulikuwepo wakati namba zangu bado zinapendeza. Nikasikia ng'ombe wake.

Akasema, "Nimeandika siku kumi na moja. Safu ya mwisho nimeandika kama nimekula kisusio au sijala. Huko hospitali tunakwenda lini?"

Tunakwenda Jumanne. Ameacha kisusio, vidonge hatumii, na sufuria amemkabidhi shemeji kwa muda. Ukoo unalijadili hilo kuliko ugonjwa wangu.

Uzi huu nimeuandika leo na sikusubiri majibu yake, kwa sababu nahitaji ushauri wenu kabla ya Jumanne.

Nilichojifunza, wakuu: kuandika namba ni kazi rahisi, hata wale vijana wa kule kivulini waliandika. Kazi ni kuzisoma bila kuzitetea. Nilikuwa na namba sahihi miezi saba, na kila moja niliitafutia kisingizio kwa sababu nilijiona najua. Mimi si daktari, na daftari si daktari. Kazi yake ni kukutoa nyumbani uende ukapimwe wakati bado kuna cha kuondoa. Na kama choo chako ni cheusi, usikubali mbuzi abebe lawama kabla hujapima.

Wenye uzoefu wa kipimo hiki, hasa waliompeleka ndugu asiyetaka, nisaidieni: mnakaa naye vipi siku ya kusubiri majibu? Madaktari mliomo humu, nikosoeni.

Na wengine wote, kabla hujacomment, weka vidole viwili shingoni uhesabu dakika nzima, uniwekee namba yako hapa chini.

Naanza mimi. Leo asubuhi, 59.