Mkia wa Sauti ya Gitaa

Kwaya yetu hapa Ilongero haianzi wimbo kwa kuhesabu. Mimi hupiga noti moja kwenye gitaa na kuiacha ilie mpaka iishe yenyewe. Ikiisha, mama anayeongoza sauti ya kwanza anaingia, na kinanda kinamfuata. Tangu nikiwa mtoto nimemwona akiingia hivyo, amefumba macho.

Kwa hiyo alipoanza kuwahi, kila mtu alisikia. Alikuwa anaingia wakati mpiga kinanda bado hajaweka vidole tayari. Wiki ya pili mmoja wa sauti ya tatu akasema labda mama amesikia ng'ombe wameingia kwenye alizeti yake. Tulicheka, na yeye akacheka. Wiki ya tatu mwalimu wa kwaya akamwambia kwa upole apumzike. Sikukuu ya mavuno ataongoza mwingine.

Siku hiyo sikucheka. Nilikuwa na jambo moja ambalo sikuwa nimemwambia mtu.

Gitaa langu hupita kwenye mashine ndogo ya kukanyaga kwa mguu, inayoiga sauti za amplifaya kubwa. Siku chache kabla mama hajaanza kuwahi, nilikuwa nimeipeleka mjini kuwekewa toleo jipya la programu yake, kwa sababu umeme wa sola wa kanisani ulikuwa unaifanya ivume. Mvumo ulikwisha na nikafurahi.

Jumamosi asubuhi nilirekodi noti ile ile mara tatu kwa simu, nikaandika kwenye daftari. Kisha nikapanda bodaboda kwenda mjini, gitaa mgongoni na mashine nimeipakata ndani ya kitenge, kwa sababu rekodi za toleo jipya peke yake, bila za zamani za kulinganisha nazo, hazikuwa na maana. Mwenye duka, Mhindi aliyezaliwa Singida na anayenishinda kusema Kinyaturu, lugha ya kwetu, alishangaa kwamba mtu anataka kurudi nyuma. Lakini faili la zamani alikuwa nalo. Alilirudisha, nami nikarekodi pale pale dukani, waya ule ule, mara tatu.

Mwanzo wa noti ulikuwa sawa kabisa. Mwisho ndio uliotofautiana. Toleo la zamani liliiacha noti inyauke kwa sekunde nne hivi. Toleo jipya liliiona sauti ikishuka, likadhani ni mvumo, likaikata kabla ya sekunde mbili. Sisi wengine tulikuwa tunafuata muda tuliouzoea; mama peke yake alikuwa anafuata noti. Tulitafuta mahali pa kuzima kitu hicho, hatukupata. Nikaondoka na la zamani.

Sikupitia nyumbani. Nilimkuta mama uani kwake anapepeta uwele. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuacha ungo. Nikamwomba asikilize rekodi mbili.

Akasikiliza. “Rudia,” akasema. Nikarudia.

“Kwa hiyo si mimi.”

“Si wewe, mama. Ni mashine. Niliibadilisha, sikusema.”

Akapepeta kidogo, makapi yakaruka upande wangu. Akaniambia alikwisha kumwambia binti yake kwamba masikio yamekwisha, na kwamba baada ya mavuno angeacha kwaya kabisa. Halafu akaweka ungo chini.

“Wiki tatu umeniona nacheka, mwanangu. Nenda kawaambie waliocheka.”

Jioni ile mazoezini niliwaambia, nikiwa nimesimama, na daftari mkononi kana kwamba lingenisaidia. Mwalimu alitaka kusikia mwenyewe. Rekodi zilipokwisha alimwomba mama radhi mbele yetu sote na kumrudisha mahali pake. Aliyetaja ng'ombe alikuwa anatazama viatu vyake.

Nikawasha mashine. Mvumo ukarudi, ukajaa kanisa, na hakuna aliyeulalamikia. Nikapiga noti. Ililia, ikanyauka taratibu, na mama akaingia pale pale alipokuwa akiingia siku zote, na kinanda kikamfuata.

Ila hakufumba macho. Tangu noti ya kwanza mpaka mwisho wa wimbo alikuwa anaangalia mguu wangu, ule uliokuwa juu ya mashine.