Garanti ya Gari la Kaka

Kaka yangu mkubwa alinunua gari la mbio katika mji ambao lami ikianza tu inaisha. Nilimwambia hivyo siku ileile alipoliingiza uani. Yeye akacheka, baba akanikaripia kwamba nina mdomo. Lilikuwa jipya kutoka Kampala, jekundu, tumbo karibu liguse ardhi, na usukani ulikuwa kulia kama magari mengi yanayotoka huko. Kwa hiyo baba alipoketi kushoto, pale ambapo kwetu Kongo hukaa dereva, majirani walimtania: "Muzee, ni weye unaendesha?" Alifurahi kupita kiasi.

Kaka alikuwa amemwahidi kwamba gari hilo ndilo litakalomrudisha nyumbani Kpandroma. Vita vilipofika mlimani kwetu, baba alishuka hapa Bunia ndani ya lori, amefunikwa turubai pamoja na mbuzi wa watu. Tangu hapo alikaa kwa kaka, ambako nami nilirudi baada ya kufiwa na mume wangu. Nilikuwa nauza viazi sokoni, na amani niliijua kwa viazi. Malori ya Kpandroma yalikuwa yameanza kushuka tena, udongo mweusi umeshika kwenye magunia. Hakuna aliyeiamini amani ile. Watu walirudi kulima, lakini nguo zao hawakuzitoa kwenye mabegi.

Baba hakutaka lori, wala teksi, wala pikipiki.

"Nilitokaka kule chini ya bashi, sawa mbuzi," alisema. "Nitarudia na motokari ya mutoto yangu. Bale balibakia, banione."

Alishikilia kwamba mtu aliyekimbia haingii kwake kimyakimya. Lazima kwanza apite mbele ya nyumba za waliobaki, asalimiwe, ndipo afungue mlango wake. Kaka naye kwa majivuno alikuwa mtoto wa baba yake, akaona hilo ni jambo la haki kabisa.

Kabla hatujampandisha baba, safari ya Marabo ndiyo iliyolimaliza gari. Tulikwenda kwenye ndoa, shangazi zetu wamejazana nyuma, na kila shimo liligonga chini hadi meno yakauma. Tuliporudi, amotisa, zile nguzo zinazozuia gari lisidunde, zilikuwa zinavuja mafuta. Gari lisilo hata na mwaka likawa linalia kama kitanda cha zamani. Fundi wa mtaani kwetu akalala chini yake, akasema atafunga nyingine alizotoa kwenye gari lililokufa, na kabla ya jioni atakuwa amemaliza.

Kaka akamwondoa pale chini. "Hapana. Hii iko na garanti. Mutu wa huku akiigusa tu, garanti inakufa."

Garanti ilikuwa ahadi ya duka kwamba kitu kikiharibika mapema watakitengeneza wao wenyewe, mradi mtu mwingine asikifungue.

"Yaya," nikamwambia, maana ndivyo kwetu tunavyomwita kaka mkubwa, "na barabara nayo iko na garanti?"

Akaniambia niende kuuza viazi vyangu.

Watu wa duka kule Kampala wakaomba picha. Akawatumia. Wakaomba picha nyingine, gari likiwa limeinuliwa. Kisha wakasema ni lazima walione lenyewe, alipeleke. Nilicheka kwa hasira, kwa maana barabara ya kwenda Kampala inapanda milima ileile ambayo gari lilishindwa kumpandishia baba. Kaka akaendelea kuwabembeleza kwa simu wamtumie fundi wao.

Baba alingoja akiwa ndani ya gari. Kila asubuhi alivaa koti lake la kanisani, akafungua mlango wa kushoto, akaketi, akaanza kusokota kamba ya katani kwa ajili ya ng'ombe wake, ingawa hatukujua kama amebaki hata mmoja. Nilimpelekea chai humo humo.

"Banajibu?" aliniuliza.

"Bado, papa."

"Batajibu. Ni motokari mupya."

Aliiamini garanti kuliko kaka mwenyewe alivyoiamini. Hilo liliniumiza mno. Ng'ombe wake walichukuliwa, nyumba iliungua upande mmoja, na maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumwahidi kwamba kilichoharibika kitatengenezwa.

Asubuhi moja hakikushuka kiazi. Tulisimama sokoni sisi wanawake, magunia matupu mabegani. Kufika mchana tulishasikia kilichotokea barabarani. Nilirudi nyumbani, nikamkuta baba kitini mwake, kamba mapajani, nikamweleza kwamba vita vimerudi, njia imefungwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama Kampala wamejibu.

Kikohozi kilimpata mvua zilipoanza, na hakikumwacha. Tulimzika hapa Bunia, mbali na mkewe na wazazi wake, kwa sababu hakuna gari lolote lililokuwa likipanda. Wachimba kaburi walipokosa kamba ya kuteremshia jeneza, nilikwenda kwenye gari nikawaletea ile ya ng'ombe. Ilikuwa imara. Haikukatika.

Jibu la Kampala lilimkuta kaka kwenye matanga. Walisema amotisa zimelika kwa ubovu wa barabara, na ubovu wa barabara haumo ndani ya garanti. Alinisomea, akarudia kunisomea, kana kwamba mimi ndiye ningebadilisha neno.

Matanga yalipokwisha akamwita fundi wa mtaani. Kabla ya jioni alikuwa amemaliza. Kaka akalizungusha gari mtaa mzima, akapita juu ya mawe yetu yote, halikugonga hata kidogo. Akarudi, akapiga honi langoni kama walivyokuwa wamepatana na baba, kwamba akisikia honi atoke, safari imefika. Sidhani kama alifikiri, ni mkono tu. Nikatoka mimi.

"Imepona," akasema.

Nikakitazama kile kiti cha kushoto. Nyuzi za katani bado zilikuwa zimenasa kwenye kitambaa.

"Nimeona, yaya. Sasa utapeleka nani?"

Akazima gari. Mimi siku hiyo sikumwonea huruma.